CHINI YA BOTI, PASIPOONEKANA

(Hotuba ya Halmashauri ya Tawi letu kwa wanachama wanaofanya kazi ya boti za faiba, katika mkutano wa Rangwe. Tumeipiga chapa hapa ili wale waliokuwa kazini siku ile nao waisome, na waliohudhuria wapate kuikumbuka.)

Ndugu wanachama, na ninyi wafanya kazi wenzetu ambao hamjajiunga bado,

Leo hatukuja kusema habari za ada wala za uchaguzi wa tawi. Tumekuja kusema habari za kazi moja tu, nayo ni kutengeneza na kulainisha sehemu ya chini ya boti za faiba. Tutaieleza kazi yenyewe hatua kwa hatua, kisha tutaeleza jinsi inavyolipwa, kwa sababu mambo hayo mawili hayatengani.

Mtu anaweza kuuliza: Soko la Rangwe liko nchi kavu, hapa hapana mashua hata moja. Kwa nini mkutano wa boti ufanywe hapa? Jibu ni rahisi. Wengi wenu hulala hapa, na asubuhi hupanda matatu au bodaboda kwenda Homa Bay, Kendu Bay au Mbita kutafuta kibarua katika karakana za ufukweni. Boti iko ziwani, lakini kifua kinachovuta vumbi lake hurudi kulala Rangwe.

Twajua pia ya kwamba boti nyingi za wavuvi wa mbuta na omena bado ni za mbao. Lakini mbao nzuri imekuwa adimu na ghali, na za faiba zinaongezeka. Ng'ambo ya pili ya Ziwa, mwezi wa Januari 2024, Serikali ya Tanzania iliwakabidhi wavuvi huko Mwanza boti za kisasa za mkopo. Kwa hiyo kazi hii haitapungua. Itaongezeka, na vijana wengi zaidi wataingia. Ni afadhali tuiwekee utaratibu mzuri sasa, kabla desturi mbaya haijaota mizizi.

FAIBA NI KITU GANI

Faiba ni nyuzi nyembamba sana za kioo, zilizolowekwa katika rezini ikashikamana nazo na kuwa ngumu. Huko Marekani, Ray Greene wa mji wa Toledo, Ohio, aliunda boti ndogo ya namna hii mwaka 1942. Tangu wakati huo imeenea dunia nzima, kwa sababu haiozi kama mbao wala haishiki kutu kama chuma.

Lakini kuna jambo moja ambalo kila fundi lazima alijue. Mbao husema, faiba huficha. Ubao ukioza, ukiuchoma kwa kisu kisu chazama. Ukifumuka, maji yaingia na wote walio chomboni wayaona. Faiba yaweza kuwa imeachana ndani, tabaka moja na jingine, huku juu inang'aa kama sahani mpya. Na fila na rangi zaweza kufunika kazi mbovu vizuri kabisa, hata mwenye boti akapiga makofi.

Mafundi wa Lamu na Mombasa walijua tangu zamani ya kwamba uhai wa chombo uko chini. Walikipandisha pwani maji yakitoka, wakakikwangua, wakakipitisha moto kuua wadudu watoboao mbao, kisha wakakipaka deheni, yaani mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa. Kazi hiyo ilifuata maji, haikufuata saa ya tajiri. Faiba nayo ina mambo yake ambayo hayaharakishwi. Hayo ndiyo tutakayoyaeleza sasa.

KAZI INAVYOTAKIWA KUFANYWA

Kwanza, kuisimamisha boti na kuijua hali yake. Boti ndogo hupinduliwa kifudifudi. Boti kubwa huinuliwa juu ya magogo na mihimili, na mihimili hiyo lazima iwe imara pande zote mbili. Mtu asiingie chini ya boti iliyoshikiliwa na jeki peke yake. Kisha boti ioshwe kwa maji na sabuni, na mafuta na nta viondolewe kwa asetoni na matambara safi kabla ya kushika msasa. Ukipiga msasa juu ya mafuta, unayasukuma ndani, na kitu chochote utakachopaka baadaye hakitashika.

Ikishakuwa safi, igonge sehemu yote ya chini kwa mpini wa nyundo ndogo, pole pole, kutoka omo mpaka tezi. Mahali pazima pana sauti kavu, kali. Mahali palipoachana ndani pana sauti butu, kama debe lililojaa mchanga. Patie alama kwa chaki. Mara nyingi utayakuta madhara kwenye mkuku, kwa sababu boti huburutwa juu ya mchanga na mawe kila siku, na karibu na tezi, ambako uzito na mtikisiko wa mashine hukaa. Tazama pia malengelenge. Hayo hutoka maji yanapopenya jelikoti pole pole na kukutana na kemikali zilizobaki ndani. Unapolitoboa lengelenge, vaa miwani, maana maji yake yaweza kuruka, nayo ni makali kama siki.

Pili, kukausha. Hapa ndipo ugomvi wote unapoanzia. Faiba iliyofunguliwa huwa na unyevu ndani. Ukiifunika ingali na maji, kiraka hakitashikamana sawasawa, na malengelenge yatarudi. Kuna jaribio lisilo na gharama: bandika kipande cha nailoni angavu juu ya mahali palipokwanguliwa, kingo zote zizibwe kwa gundi ya karatasi, ukiache usiku na mchana. Ukikuta jasho ndani ya nailoni, boti haijakauka. Siku mbili zaweza kutosha, na pengine wiki mbili zisitoshe, hasa wakati wa mvua za masika. Hakuna fundi awezaye kuliamuru jua.

Tatu, kukata mteremko. Tundu halizibwi kama pancha ya baiskeli, kwa kubandika kipande juu. Kingo za tundu husagwa zikateremka polepole, ili kiraka kiwe na mahali papana pa kushika. Kipimo kizuri ni mara 12 ya unene. Ikiwa faiba ina unene wa milimita 5, mteremko uwe milimita 60 kila upande. Kwa hiyo tundu la upana wa kiganja linakuwa kidonda cha upana wa sinia ndogo. Tajiri asiyejua kazi akiona hivyo hupiga kelele, "Umeiharibu boti yangu!" Hakuiharibu. Hivyo ndivyo nguvu inavyorudi.

Nne, kulaza nyuzi. Kata vipande kufuata mteremko. Kinachogusa faiba ya zamani kiwe mkeka wa nyuzi fupi, kwa sababu hunywa rezini vizuri na kushika kuliko kitambaa kizito kilichofumwa. Mkeka wa gramu 450 kwa mita moja ya mraba hutaka kama kilo moja ya rezini ya polyesta. Hadena iwe kati ya asilimia 1 na 2, yaani gramu 10 mpaka 20 kwa kilo moja ya rezini. Pima kwa mizani au kwa chupa yenye alama. Usipime kwa macho. Hadena ikiwa haba mno, rezini haitakauka kamwe hata ungoje mwezi. Ikizidi, itachemka, itapasuka, na itakuwa dhaifu. Jua letu la adhuhuri ni kali, kwa hiyo kazi ya kulaza ifanywe asubuhi. Kila tabaka likandamizwe kwa rola mpaka hewa yote itoke. Povu jeupe likibaki ndani, hapo pana mlango wa maji.

Na hapa twatia onyo kwa wale wanaotumia rezini ya namna mbili. Epoksi hushika vizuri juu ya polyesta ya zamani. Lakini polyesta haishiki vizuri juu ya epoksi. Ukianza na epoksi, malizia na vitu vinavyokubaliana nayo.

Tano, fila na msasa. Kulainisha kunaanza hapa, baada ya nguvu kurudi, wala si kabla. Fila ya magari isitumiwe chini ya maji. Hiyo ina unga unaokunywa maji, nayo itavimba na kubanduka. Tumia fila iliyotengenezwa kwa ajili ya chini ya boti, ama epoksi iliyokorogwa na unga wake maalum.

Watu wengi hudhani kulainisha ni kung'arisha. Sivyo. Maji hayajali mng'aro. Maji yanajali mabonde na vilima. Kwa hiyo usipige msasa kwa vidole, maana vidole hufuata bonde na kulichimba zaidi. Tumia ubao mrefu wa msasa, ulalaze kwa mshazari, uende upande huu kisha upande wa pili. Nyunyiza rangi nyepesi kidogo juu ya fila kabla ya kusugua. Rangi itaondoka juu ya vilima na kubaki mabondeni, nawe utaona penye haja ya fila zaidi. Anza na msasa namba 40 au 80, uende 120, umalizie 220 kabla ya rangi. Kwa boti ya mashine inayokwenda kasi, angalia zaidi ya yote mita mbili za mwisho karibu na tezi. Weka rula ndefu hapo. Pakiwa na bonde, omo itazama chini mwendoni. Pakiwa na kilima, boti itarukaruka kama mbuzi. Na ukingo wa chini wa tezi uwe mkali, usiviringwe, ili maji yaachane na boti vizuri.

Boti iliyonyooka chini hula petroli kidogo. Mvuvi anayetoka Mbita kila usiku anaiona faida hiyo mfukoni mwake. Kazi yenu ni mali. Msikubali kuambiwa kwamba mnasugua tu.

Sita, kufunika. Jelikoti ya kawaida ikiwa ya mwisho juu hubaki na unato kwa sababu ya hewa. Lazima itiwe nta yake, ama ifunikwe kwa nailoni mpaka ikauke. Ukitumia rangi, fuata maandiko ya kopo. Na msikubali kuuziwa kila namna ya rangi yenye sumu ya kuzuia viumbe. Maji ya Ziwa letu ni matamu, hayana wale chaza wadogo wa baharini wanaong'ang'ania vyombo, na boti inayopandishwa ufukweni kila siku haina haja kubwa ya sumu hiyo. Watu wetu huchota na kunywa maji yale yale. Kwa sababu hiyo hiyo, vumbi la msasa likusanywe juu ya turubai. Lisifagiwe ziwani.

KAZI INAVYOLIPWA

Sasa, ndugu, hesabuni siku pamoja nasi. Tuchukue tundu moja la upana wa kiganja. Kuosha, kugonga na kufungua ni siku moja. Kukausha tuseme siku tano, jua likiwa zuri. Kusaga na kulaza ni siku moja. Kungoja ikomae, siku moja. Fila ya kwanza na msasa, siku moja. Fila ya pili na msasa, siku moja. Kufunika, siku moja. Jumla ni siku 11. Katika hizo, mkono wa fundi umefanya kazi siku 5. Siku 6 zilizobaki zimefanya kazi jua na kemikali.

Matajiri wengi hulipa kwa boti. Wanasema, "Boti ikiisha, njoo uchukue fedha yako." Hesabu hii yaonekana ya haki, na wako wanachama wanaoipenda, kwa sababu hakuna mnyapara nyuma yao. Lakini itazameni vizuri. Anayelipwa kwa boti halipwi kwa siku za kukausha. Siku hizo ana njaa, na watoto wake wana njaa. Atafanya nini? Siku ya pili ataugusa ubao wa boti kwa kiganja, atasema, "Imekauka." Hatabandika nailoni. Mteremko hataukata milimita 60, ataukata 20. Hadena ataizidisha ili rezini ishike upesi. Kisha atafunika yote kwa fila, atapiga msasa mpaka ing'ae, na tajiri atamsifu.

Kwa hiyo malipo kwa boti hayakuondoa mnyapara. Yamemweka mnyapara ndani ya tumbo la fundi mwenyewe. 

Na nani atakayelipa mwishowe? Si tajiri wa karakana. Atalipa mvuvi, usiku, mbali na Mfangano, upepo ukiwa umeinuka, kiraka kilichofichwa kikiachia. Huyo mvuvi ni mfanya kazi kama sisi. Wengi wao hawana hata boti yao wenyewe, hugawana samaki na mwenye boti. Pengine ni ndugu yako, au mume wa dada yako. Chama cha wafanya kazi hakiwezi kudai mshahara mzuri kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili kikanyamaza wanachama wake wanapolazimishwa kuwauzia wafanya kazi wenzao boti yenye tundu lililopakwa rangi.

Tajiri atasema hawezi kumlipa mtu siku za kuketi. Jibu letu tumekwisha kulitafuta. Hatuombi malipo ya kuketi. Boti tatu zikipandishwa kwa zamu, moja ikikauka, ya pili inasagwa, na ya tatu inapigwa msasa. Fundi ana kazi kila siku, analipwa kila siku, na hakuna boti inayoharakishwa. Linalotakiwa ni mpango wa kazi tu, na kupanga kazi ni wajibu wa tajiri.

KAZI INAVYOUDHURU MWILI

Haraka haiumizi boti peke yake. Harufu ile kali ya rezini ya polyesta ni ya kemikali iitwayo staireni. Huumiza kichwa, huwasha macho, huleta kizunguzungu na uchovu kama wa mlevi. Kwa miaka mingi yaweza kudhuru masikio na uwezo wa kutofautisha rangi. Mwaka 2018 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, waliiweka katika fungu la vitu ambavyo yaelekea sana huleta saratani kwa binadamu. Miongoni mwa habari zilizopimwa ni zile za wafanya kazi zaidi ya 70,000 wa viwanda vya faiba vya Denmark, waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Wenzetu hao wa mbali waliivuta hewa hii kabla yetu. Tusilipuuze fundisho lao.

Basi yashikeni haya:

Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kitu. Barakoa ya vumbi huzuia vumbi, haizuii harufu ya rezini. Kwa kulaza rezini hutakiwa barakoa ya mpira yenye vichujio vya mvuke, na vichujio hivyo hubadilishwa. Ukianza kunusa harufu ndani ya barakoa, kichujio kimekwisha.

Wakati wa kusaga, funika pua, macho, shingo na mikono. Ikiwezekana piga msasa wa maji, maana vumbi lililolowa haliruki. Lakini mashine ya umeme na maji havikai pamoja. Msasa wa maji ni wa mkono.

Hadena ikiingia machoni yaweza kumpofua mtu. Miwani ivaliwe kila inapomiminwa. Ndoo ya maji safi iwe karibu kabla ya kopo kufunguliwa. Ikiruka machoni, osha mara hiyo hiyo, kwa dakika 15 au zaidi, kisha mpelekeni mwenzenu hospitali. Msingojee ruhusa ya mtu.

Hadena na kile kichocheo cha kobalti visikutanishwe peke yake hata kidogo. Vikikutana moja kwa moja hulipuka au huwaka moto. Kimoja hukorogwa kwanza ndani ya rezini mpaka kiishe, ndipo kingine kifuate. Rezini nyingi za dukani zimekwisha kutiwa kobalti, kwa hiyo soma kopo kwanza.

Usinawe mikono kwa asetoni. Inakausha ngozi na kuifungulia kemikali njia. Tumia glavu, na sabuni. Wala pasiwe na sigara wala jiko la chai karibu na asetoni.

SHERIA INASEMAJE

Wengine husema, "Mimi ni kibarua tu, sina haki." Maneno hayo si kweli. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanya kazi haki ya malipo ya haki, ya mazingira ya kazi yanayofaa, na ya kujiunga na chama. Haikusema kila mfanya kazi isipokuwa kibarua.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe mavazi na vifaa vya kujikinga palipo na vitu vya kudhuru, wala asimkate mfanya kazi fedha kwa ajili ya vifaa hivyo. Penye watu 20 au zaidi, lazima pawe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wawemo. Sheria hiyo pia yamtaka mfanya kazi atoe habari akiona hatari kubwa iliyo karibu, na yamlinda asifukuzwe kwa kujiondoa penye hatari hiyo.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa kila kitu kilichoharibika. Uharibifu unaokatwa ni ule uliotokana na kosa la makusudi la mfanya kazi. Rezini iliyoganda ndooni kwa sababu ya jua si kosa la makusudi. Tena kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, sheria humpa daraja na haki za mtu wa mshahara wa mwezi. Kwa hiyo andikeni siku zenu. Daftari la shilingi chache na penseli ni silaha kubwa kuliko kelele.

Na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo wa 2007, yamtaka mwajiri kulipa fidia kwa jeraha au ugonjwa uliotokana na kazi. Habari itolewe kwa mwajiri upesi, naye aipeleke kwa Mkurugenzi katika muda wa siku 7. Madai yatolewe kabla miezi 12 haijapita. Asiyeandika siku aliyoumia ataambiwa hakuumia.

MASHAURI YETU

Halmashauri yaleta mbele yenu mambo matano, myajadili na kuyapigia kura:

1. Tudai malipo ya kutwa badala ya malipo kwa boti, katika kazi zote za kufungua, kukausha na kulaza faiba. Na boti zipandishwe kwa zamu, ili siku ya kukausha boti moja iwe siku ya kazi kwenye nyingine.

2. Barakoa zenye vichujio, miwani, glavu na maji ya kuoshea macho vitolewe na mwajiri kabla kopo halijafunguliwa. Pasipo vitu hivyo, kopo lisifunguliwe.

3. Kila boti iwe na karatasi yake: siku iliyofunguliwa, siku iliyojaribiwa kwa nailoni, upana wa mteremko, na kiasi cha hadena. Fundi aliyefanya na mwajiri wote watie sahihi. Nakala moja apewe mwenye boti. Mvuvi naye akijua kuisoma karatasi hiyo, atakuwa mtetezi wetu wa kwanza.

4. Mtu asiambiwe kufunika mahali ambapo nailoni ingali na jasho. Akiambiwa na akikataa, basi wote waliopo karakanani wasimame pamoja naye. Mmoja akikataa peke yake, hufukuzwa. Kumi wakikataa, jioni hiyo hiyo tajiri huita mkutano.

5. Vijana wanaojifunza wafundishwe kugonga na kukausha kwanza, kabla ya kufundishwa msasa. Leo twafanya kinyume. Twawapa msasa siku ya kwanza kwa sababu ni kazi ya vumbi, na kwa hiyo wanakua wakidhani ya kwamba kulainisha ndiyo kutengeneza.

Ndugu wanachama, jambo la kwanza katika hayo matano ndilo lililo gumu. Twajua ya kwamba wako miongoni mwenu wenye mikono myepesi, ambao kwa malipo ya boti hupata zaidi kwa wiki kuliko watakavyopata kwa malipo ya kutwa. Hatutawadanganya: kwa wiki za mwanzo watapungukiwa. Twawaomba wahesabu miaka badala ya wiki. Wahesabu na siku za kukohoa, na boti zilizorudishwa zikatengenezwa upya bila malipo, na siku za masika ambapo jua halitoki na mfuko u mtupu. Wakishahesabu hayo yote, wapige kura yao kwa uhuru. Tawi litashika lile litakaloamuliwa na wengi.

Kazi yetu ina bahati mbaya ya kuwa mahali pasipoonekana. Boti ikishushwa majini, hakuna atakayetazama tena chini yake. Mwenye boti ataona rangi ya ubavuni na jina lililoandikwa omoni. Fundi peke yake ndiye ajuaye kilichomo chini ya fila. Siri hiyo ni amana, na twataka malipo yanayomwezesha mtu kuishika amana hiyo bila kulala njaa.

Kura zitapigwa kwa kuinua mikono, baada ya wote wanaotaka kusema kupewa nafasi. Wanaojiunga leo wamwone Mweka Hazina, nao watapewa stakabadhi hapa hapa.

Umoja ni nguvu.

HALMASHAURI YA TAWI